Watoto Wasomao kwa Vidole

Mjini Thika iko shule ya msingi ambayo wanafunzi wake husoma kwa vidole. Ni shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake nchini Kenya. Hata hivyo, wako wazazi ambao bado humweka nyumbani mtoto asiyeona, wakidhani kwamba hawezi kufundishwa. Inafaa basi wasomaji wetu wa Thika na Ruiru waelezwe jinsi mtoto wa namna hiyo anavyojifunza.

KUSOMA
Kwanza hufunzwa vidole vyenyewe. Mtoto hutenganisha maharagwe na mahindi, hupanga vifungo kwa ukubwa, na hupapasa vitambaa vya namna mbalimbali, mpaka vidole vitambue tofauti iliyo ndogo sana.

Kisha huanza maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni. Kila herufi hufanywa kwa nukta zilizoinuka juu ya karatasi nene, katika nafasi 6: tatu kushoto na tatu kulia. Herufi A ni nukta moja, ile ya juu kushoto. Herufi B ni nukta mbili, ile ya juu na ile iliyo chini yake. Kwa hiyo neno "baba" lote lina nukta 6 tu.

KUANDIKA NA KUHESABU
Mtoto hubana karatasi katika kibao chenye vishimo, akadunga nukta kwa chuma chenye ncha. Kwa kuwa nukta huinuka upande wa pili wa karatasi, hana budi kuandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha aigeuze karatasi ndipo aisome. Iko pia mashine ya vitufe 6, kimoja kwa kila nukta, ambayo maandishi yake husomeka papo hapo. Hesabu hufanywa kwa shanga zinazosukumwa kwenye vijiti.

Nje ya darasa mtoto hufundishwa kutembea kwa fimbo nyeupe, na hucheza mpira wenye njuga ndani yake, akiufuata kwa sauti.

SIKU ZA KUKUMBUKWA
Tarehe 4 Januari ni Siku ya Nukta Nundu Duniani, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Louis Braille, mwaka 1809. Mashindano ya muziki ya shule za Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, kwa kawaida hufanyika katika muhula wa pili. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Fimbo Nyeupe. Wanafunzi wa Gredi ya 6 wana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka, na wasioona hupewa karatasi za nukta nundu pamoja na muda wa ziada.

WAJIBU WA MZAZI
Katiba ya mwaka 2010 imempa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma na ya kutumia nukta nundu. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 nayo yamtaka kila mzazi ampeleke mtoto wake shuleni.

Mzazi mwenye mashaka juu ya macho ya mtoto wake ampeleke hospitali kwanza, kisha katika kituo cha serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984. Kwa mkazi wa Ruiru, Chuo cha Elimu Maalum cha Kenya kiko Kasarani, njiani kwenda Nairobi, nako pia watoto hupimwa. Si kila mtoto atakayepelekwa shule maalum: mwenye kuona kidogo aweza kusoma maandishi makubwa katika shule ya kawaida.

Wakati wa kungoja nafasi, mtoto asikae bure. Apewe maharagwe achambue, atumwe kikombe, aambiwe jina la kila kitu anachokishika. Kazi hizo ndogo ndizo mwanzo wa kusoma.