Marubani wa Akiba wa Jeshi la Wanamaji la Marekani

Rubani wa akiba wa Jeshi la Wanamaji la Marekani huishi kwa kalenda mbili. Siku nyingi za mwezi yumo katika kazi yake ya kiraia: wengi hurusha ndege za abiria, wengine ni wanasheria, wahandisi au wafanyabiashara. Wikiendi moja kwa mwezi, na takriban wiki mbili kwa mwaka, huripoti kikosini. Huo ni wajibu wa kwenye karatasi tu. Urubani ukiachwa huingia kutu, kwa hiyo mapumziko yake mengi huishia huko huko angani.

Akiba hiyo ilianzishwa Machi 1915. Wengi wa marubani wake walianza Pensacola, Florida, wakapata beji ya mbawa za dhahabu, wakatumikia jeshini miaka kadhaa kabla ya kutafuta ajira ya uraiani.

Desturi inayowatambulisha zaidi ni lakabu. Mtu hajichagulii, hubandikwa na wenzake, aghalabu kutokana na kosa lake la aibu au mchezo wa maneno juu ya jina la ukoo wake. Anayenuna ndiye hasa inayemganda. Ni utani, na kama utani wowote una kazi yake: humshusha mwenye majivuno bila ugomvi. Kikosini unahitajika sana, maana vyeo hupinduka. Ijumaa nahodha wa ndege ya abiria huwa na msaidizi wake chini ya amri yake. Jumamosi koti la shirika likishatundikwa kabatini na ovaroli ya kijani kuvaliwa, msaidizi yule yule huenda akawa ndiye mkubwa wake.

Vikosi vingine husafirisha watu na mizigo kwa C-40A, ndege iliyotokana na Boeing 737, hivyo baadhi ya marubani hukuta chumba cha rubani ambacho si kigeni kwao. Vingine, kama VFC-12 cha Oceana, Virginia, huigiza adui ili vijana wa vikosi vya kudumu wapate wa kupambana naye mazoezini.

Mvutano mkubwa uko kwa mwajiri. Sheria ya 1994 humlazimu kumwachia askari aende na kumpokea arudipo, kwa kawaida hadi jumla ya miaka 5, na ukongwe wake kazini uhesabiwe kana kwamba hakuondoka. Kwenye mashirika ya ndege hilo si dogo: ukongwe ndio huamua safari na siku za mapumziko.

Wito wa vita huja bila kujali kalenda yoyote. Mwaka 1951 manowari ya Boxer ilipeleka Korea vikosi vya marubani wa akiba walioitwa kutoka makazini mwao. Mwaka uliofuata aliitwa Ted Williams, nyota wa besiboli wa Boston Red Sox na rubani wa akiba wa kikosi cha Marine. Aliruka safari 39 za vita, kisha akarudi uwanjani.

Anayetimiza miaka 20 inayokubalika hustaafu, lakini pensheni yenyewe kwa kawaida huanza kulipwa akifika miaka 60.