Goti la mbwa: mshipi, chuma au kamba fupi?

Mbwa wa jirani yangu pale Izia, Sumbawanga, alirudi asubuhi moja akichechemea. Mguu wa nyuma aliugusisha chini kwa ncha za vidole tu, na akikaa aliunyoosha pembeni. Watu wakasema kapigwa jiwe. Daktari wa mifugo alishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akasukuma kidogo. Muundi ukateleza mbele kama mtoto wa meza anayevutwa: kano ya ndani ya goti ilikuwa imechanika.

"Daktari, kumpasua ni shilingi ngapi?" jirani akauliza.

Kabla ya bei, uliza kilo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1984 uliwafuatilia mbwa wasiopasuliwa. Wale wasiozidi kilo 15, takriban 85 kati ya 100 walipona au walipata nafuu kubwa. Waliozidi hapo, ni kama mmoja tu kati ya watano. Mbwa wetu wengi wa Ufipa ni wepesi. Kwao tiba ya kwanza ni kamba fupi na chakula kisichowanenepesha, kwa wiki sita au zaidi: hakuna kukimbiza ngedere kwenye mahindi, hakuna kufuata maksai shambani. Fedha inayotoka ni kidogo, ila unahitaji moyo wa kumfunga mbwa anayelia usiku. Na tafadhali, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya nyumbani. Humtoboa tumbo na kuharibu figo zake. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari, kwa kipimo cha uzito wake.

Mbwa mkubwa, tuseme wa ulinzi mwenye kilo 35, ni habari nyingine. Njia nafuu ya kumpasua ni kufunga uzi mzito wa naironi nje ya goti, ushikilie mifupa mpaka nyama zinazolizunguka zikaze. Kwa miaka mingi madaktari wametumia naironi ileile ya mishipi ya kuvulia samaki wakubwa. Uzi huweza kulegea au kukatika, hasa kwa mbwa mzito asiyetulia.

Njia ya gharama kubwa ni ya Barclay Slocum, Mmarekani aliyeieleza mwaka 1993: mfupa wa muundi hukatwa, ukazungushwa ili mteremko wake wa juu upungue, kisha ukafungwa kwa chuma na skrubu. Marekani goti moja hugharimu dola 3,500 hadi 7,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 8, thamani ya jozi kadhaa za maksai. Inataka picha za eksirei kabla na baada, msumeno maalumu na mkono uliofunzwa.

Kutoka Sumbawanga hadi hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro, ni zaidi ya kilomita 900. Piga simu kwanza: wanafanya njia ipi, nusukaputi na picha zimo kwenye bei, gegedu la ndani ya goti litakaguliwa, na kidonda kikioza nani atakiona? Gari la kukodi lihesabie safari mbili. Tena usimalize akiba yote kwa goti moja, kwani karibu nusu ya mbwa hawa huja kuchanika la pili.

Mbwa wa jirani tulimpima kwenye mizani ya mahindi. Kilo 13. Jirani akaenda sokoni kununua kamba.