Kupima Hadhira ya Redio kwa Zana za Mtandaoni: Hali ya Adumi, Arua

Katika tafiti za hadhira ya vyombo vya habari, zana za mtandaoni zimepata nafasi kubwa kwa kuwa ni nafuu na za haraka. Mtafiti aliyeketi Kampala au Dar es Salaam huweza kukusanya maoni yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa redio bila kupanda basi la kwenda Arua. Suala la msingi ni nani hasa hupatikana kwa njia hiyo, na Adumi, karibu na mpaka wa Kongo, hulidhihirisha vyema.

Mwezi Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Uganda iliufunga mtandao wa Facebook, na watumiaji wengi wakaanza kupitia programu za VPN. Programu hizo humwonyesha mtumiaji kana kwamba yuko nchi nyingine. Msikilizaji wa Radio Pacis aliyeko Adumi huweza basi kuhesabiwa kuwa mkazi wa Uholanzi. Kwa kuwa Walugbara wanaoishi ughaibuni wapo kweli, nao hufuatilia habari za nyumbani, jedwali pekee haliwezi kuwatenganisha wawili hao. Mtangazaji wa biashara atakayeliamini atahitimisha kwamba Adumi haina wasikilizaji, na kipindi kitakosa mfadhili.

Lugha ina ugumu wake. Programu ya kutambua lugha huchagua miongoni mwa lugha ilizofunzwa tu. Ikiwa Kilugbara hakimo, maandishi yake yatapachikwa jina la lugha nyingine. Ujumbe unaoanza kwa Kilugbara na kumalizika kwa Kiswahili huenda ukahesabiwa wote kuwa wa Kiswahili. Watetezi wa Kiswahili nchini Uganda wasifurahie takwimu za namna hiyo.

Aidha, Google Trends huonyesha sifuri pale utafutaji unapokuwa mdogo mno. Sifuri hiyo husomwa mara nyingi kama kutokuwapo kwa hamu, ilhali redio moja huweza kusikilizwa na ukoo mzima uani, na wasiandike neno lolote mtandaoni. Ushuru wa asilimia 12 uliowekwa mwaka 2021 kwenye vifurushi vya intaneti haukuwarahisishia kuandika.

Zana hizi zina faida zikipewa kazi inayozifaa: kuonyesha mada inayozua mjadala, saa unapopamba moto, na maneno mapya yanayozuka. Idadi ya wasikilizaji itafutwe kwa daftari la simu zinazopigwa studioni na kwa mahojiano ya nyumba kwa nyumba, ambapo huulizwa pia nani walisikiliza pamoja. Tahadhari moja hupuuzwa: kufuta jina hakumfichi mtu wa Adumi. Maoni yanayotaja kisima, kanisa na ugomvi wa shamba humtambulisha mwandishi wake kwa majirani wote. Ridhaa yake iombwe kabla ya kunukuliwa, hata kama aliandika hadharani.