Kidani cha tanzanaiti: Jinsi ya kukichagua bila kupunjwa na kukitunza kidumu

MAHINDI yakishavunwa na kuuzwa katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, ndipo familia nyingi hupata nafasi ya kufikiria kitu kingine zaidi ya mbegu, mbolea na karo. Mume humkumbuka mkewe, watoto walioajiriwa mijini huwakumbuka mama zao, nao maarusi wa Desemba huanza kutafuta pambo la kuvaa siku yao kuu.

Miongoni mwa mapambo yanayotamaniwa ni kidani cha tanzanaiti, kito chenye rangi ya samawati iliyochanganyika na zambarau. Hata hivyo, kito hiki si cha bei ya chini, na anayekinunua bila maarifa anaweza kutoa thamani ya magunia kadhaa ya mahindi kisha akarudi nyumbani na kipande cha kioo. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mnunuzi aliye Kitale au Bungoma yuko mbali na maabara na wataalamu wa vito, ambao aghalabu hupatikana jijini Nairobi. Silaha zake ni mbili: macho yake mwenyewe na risiti yenye maelezo kamili. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzitumia zote mbili, na jinsi ya kukitunza kidani baada ya kukinunua.

Kito cha mahali pamoja

Tanzanaiti huchimbwa Mirerani, katika wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania. Hakuna sehemu nyingine duniani inayojulikana kuwa na machimbo ya kibiashara ya kito hiki. Eneo lenyewe ni ukanda wa kilomita chache tu, si mbali na mlima Kilimanjaro.

Kito hicho kilianza kujulikana mwaka wa 1967. Mwaka uliofuata, kampuni ya Tiffany ya Marekani ilikipa jina la tanzanaiti kwa heshima ya nchi kilikotoka. Mnamo 2018 serikali ya Tanzania ilimtambua rasmi Mzee Jumanne Ngoma kuwa mvumbuzi wake, mwaka ambao pia ukuta wa urefu wa takriban kilomita 24 ulizinduliwa kuzunguka machimbo hayo ili kuzuia utoroshaji wa madini.

Kisa kilichokitangaza zaidi kito hiki kilitokea Juni 2020. Mchimbaji mdogo, Saniniu Laizer, aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili, moja likiwa na uzani wa zaidi ya kilo 9 na la pili zaidi ya kilo 5, kwa jumla ya takriban Sh7.7 bilioni za Tanzania.

Lakini si wote walioshuka mashimoni waliorudi na utajiri. Mnamo 1998, na tena 2008, mvua kubwa ilifurika katika migodi ya Mirerani na kuwaua wachimbaji wengi. Anayevaa kito hiki shingoni na akumbuke kuwa kilipatikana kwa jasho, na pengine kwa maisha ya mtu.

Rangi ndiyo bei

Kitaalamu, tanzanaiti ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti, na rangi yake hutokana na chembechembe za vanadi zilizomo ndani. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia. Huchomwa katika tanuri lenye joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, na hapo ndipo rangi ya samawati na zambarau hujitokeza. Kuchoma huku si udanganyifu. Ni utaratibu wa kawaida unaofahamika na wafanyabiashara wote wa vito, na rangi inayopatikana haipotei. Muuzaji anayeapa kuwa jiwe lake halijawahi kuguswa na moto anapaswa kuwa na cheti cha maabara cha kuthibitisha kauli hiyo.

Sifa kubwa ya tanzanaiti ni kwamba hubadilika rangi kulingana na upande unaoitazama. Ukiigeuza polepole, upande mmoja huonyesha samawati na mwingine zambarau. Vilevile hubadilika kulingana na mwanga: katika mwanga wa mchana huelekea samawati, ilhali chini ya balbu ya kizamani yenye mwanga wa manjano huelekea zambarau.

Kwa sababu hiyo, usinunue kidani kwa kukitazama chini ya taa za dukani pekee. Mwombe muuzaji mtoke naye hadi mlangoni, mkitazame kivulini wakati wa mchana, kisha mrudi ndani mkitazame tena. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba rangi iliyokoza sana huonekana zaidi katika mawe makubwa, aghalabu yanayozidi karati 5. Mawe madogo huwa hafifu kidogo. Ukionyeshwa jiwe dogo lenye rangi nzito mno kwa bei ya kutupa, yafaa ujiulize maswali kabla ya kufungua mkoba.

Bandia na jamaa zake

Kuna makundi matatu ya mawe yanayoweza kuuzwa kwa jina la tanzanaiti. La kwanza ni kioo cha rangi. Kioo hakibadiliki rangi unapokigeuza, na ukikitazama kwa lenzi ya kukuza unaweza kuona viputo vidogo vya mviringo vilivyonaswa ndani.

La pili ni mawe halisi ya aina nyingine. Amethisti ni ya zambarau na huwa nafuu zaidi. Iolaiti nayo hubadilika rangi kama tanzanaiti, ila upande mmoja huonekana wa manjano hafifu au usio na rangi. Haya ni mawe mazuri, na si kosa kuyanunua. Kosa ni kuyalipia bei ya tanzanaiti.

La tatu ni mawe yanayotengenezwa na binadamu. Kuna madini yaitwayo fosteraiti yanayotengenezwa maabarani na kutiwa rangi inayofanana mno na ya tanzanaiti. Aidha, kuanzia 2008 wataalamu wameripoti tanzanaiti halisi lakini hafifu iliyopakwa utando mwembamba ili ionekane imekoza. Utando huo huchujuka kwenye kingo za jiwe kadri linavyovaliwa.

Yeyote anayekuuzia kile anachokiita tanzanaiti ya maabara anakuuzia kitu kingine, kwa maana tanzanaiti yenyewe haitengenezwi maabarani kwa ajili ya biashara ya mapambo.

Kwa hivyo, macho yanaweza kukataa jiwe bandia lililo wazi, lakini hayawezi kuthibitisha lililo halisi. Uthibitisho hupatikana kwa kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda unapoingia ndani ya jiwe. Tanzanaiti husoma takriban 1.69 hadi 1.70, amethisti na iolaiti husoma karibu na 1.54, nayo yakuti samawi husoma takriban 1.76. Kipimo hiki hakilidhuru jiwe na huchukua dakika chache.

Usikubali kamwe jiwe lijaribiwe kwa moto wa kiberiti au kwa kukwaruzwa na kisu. Majaribio kama hayo yanaweza kukiharibu kito halisi, na hasara itakuwa yako.

Uzito, mkato na kishikizo

Vito hupimwa kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Tanzanaiti ya mviringo yenye karati moja huwa na kipenyo cha takriban milimita 6, yaani karibu na upana wa punje ndogo ya hindi. Neno karati hutumiwa pia kwa dhahabu, ila huko huonyesha usafi wala si uzito. Dhahabu ya karati 9 hugongwa muhuri wa 375, ya karati 18 hugongwa 750, na madini ya fedha bora hugongwa 925.

Bei ya tanzanaiti hutajwa kwa kila karati, na kwa kawaida huongezeka jiwe linapokuwa kubwa. Usilinganishe vidani viwili kwa bei ya jumla pekee. Uliza uzito wa kila jiwe kabla halijashikizwa.

Ili kuchunguza mkato, weka kidani kilicho wazi nyuma juu ya ukurasa wa gazeti. Ukiweza kuyasoma maandishi kupitia katikati ya jiwe, jua limekatwa bapa mno na litakosa mng'ao. Jiwe lililokatwa vyema hurudisha mwanga machoni pako badala ya kuuachilia upite.

Chunguza pia kishikizo. Tanzanaiti si ngumu kama almasi au yakuti, na ina upande ambao hupasuka kwa urahisi ikigongwa. Ndiyo maana kidani ni chaguo la busara kuliko pete: kifua hakigongwi mara nyingi kama kidole. Kishikizo kilichozunguka jiwe lote hulikinga zaidi kuliko vikucha vinne, hasa kwa mama anayebeba mtoto mchanga, maana mtoto hupenda kuvuta kinachong'aa.

Risiti ndiyo ngao

Tuchukue mfano wa mama wa Kimilili anayelipia kidani kwa simu. Ujumbe wa M-Pesa utathibitisha kuwa pesa zilitumwa. Hautathibitisha ni jiwe gani lililouzwa. Mzozo ukizuka, muuzaji ataweza kusema hakuwahi kutaja tanzanaiti.

Kabla ya kulipa, omba risiti iliyoandikwa mambo haya: jina la jiwe, uzito wake kwa karati, iwapo limechomwa au limepakwa utando, aina ya madini ya mkufu na kishikizo, bei, jina la duka, na muda ambao unaweza kukirudisha kidani iwapo mtaalamu atagundua kasoro. Mwambie muuzaji kwa upole, "Ndugu yangu, niandikie hapa kuwa hili ni tanzanaiti halisi." Akisita, umepata jibu lako bila kulipa hata shilingi moja.

Sheria iko upande wa mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa pamoja na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 nayo inakataza kutoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Lakini haki isiyo na maandishi ni vigumu kuitetea.

Kutunza kito

Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi 1 hadi 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la barabarani huwa na ugumu wa 7. Kwa maana hiyo, kukifuta kidani kikavu chenye vumbi kwa kitambaa au kwa pindo la leso ni sawa na kukipiga msasa. Kioshe kwanza.

Kukiosha ni rahisi. Tia maji ya vuguvugu na sabuni laini kidogo katika bakuli, kiloweke kwa dakika chache, kisha sugua taratibu nyuma ya jiwe kwa mswaki laini, maana huko ndiko jasho na mafuta hujificha. Suuza kwa maji yenye joto lile lile na ukaushe kwa kitambaa safi cha pamba. Usioshee juu ya sinki lisilozibwa. Jiwe likilegea litapotelea humo.

Epuka mashine za kusafishia zinazotumia mitetemo au mvuke, kwani zinaweza kulipasua jiwe. Epuka pia mabadiliko ya ghafla ya joto. Usikivae unapopika mbele ya moto mkali kisha ukakitumbukiza katika maji baridi. Dawa za kuondoa madoa zenye klorini nazo huharibu mkufu wa fedha, hivyo kivue kabla ya kufua. Manukato na mafuta yatangulie; kidani kivaliwe mwisho.

Kihifadhi peke yake katika mfuko laini wa kitambaa. Kikichanganywa na pete ya almasi au ya yakuti, kitakwaruzwa. Kila baada ya miezi michache, kitikise karibu na sikio: ukisikia mlio mdogo, jiwe limelegea na linahitaji sonara. Na mkufu ukikatika, mkumbushe sonara kuliondoa jiwe kwanza kabla ya kuchomea, kwa sababu moto wa kuunganishia unaweza kulipasua papo hapo.

Mnunuzi wa gunia la mahindi hutia mkono ndani, akaitazama punje, akaiuma kujua kama imekauka, ndipo akataja bei. Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma anaijua desturi hiyo tangu utotoni, na hakuna sababu ya kuiacha mlangoni mwa duka la sonara. Jiwe haliumwi kwa meno, lakini hugeuzwa, hutazamwa kwenye mwanga wa jua, huulizwa uzito na huandikiwa risiti. Likishavuka mitihani hiyo na kutunzwa ipasavyo, mama atalivaa miaka mingi, na siku moja atamvika binti yake.