Madai ya Bima ya Uwongo na Adhabu Zake



Baadhi ya wenzetu wametuuliza: mtu aliyekata bima ya moto, kisha ghala yake ikaungua, je, akiongeza kidogo katika hesabu ana kosa gani? Jawabu ni kwamba katika jambo hili hapana "kidogo".

Tuseme magunia 10 ya karafuu kavu yameungua kweli, na mwenyewe akaandika 25. Uwongo wa yale 15 waweza kumharibia hata haki ya yale 10. Mikataba ya bima ya kwetu ina asili ya Uingereza, na huko sheria ya mwaka 2015 imesema wazi: kampuni hailazimiki kulipa dai la udanganyifu, ikiwa imekwisha kulipa, yaweza kudai irudishiwe, tena yaweza kuvunja mkataba tangu siku ya udanganyifu, bila ya kurejesha ada.

Hayo ni ya mkataba. Ya jinai ni mbali. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 yaruhusu kifungo hadi miaka 10. Tanzania Bara, kujipatia mali kwa uwongo, chini ya kifungu cha 302 cha Sheria ya Adhabu, hufika miaka 7. Nasi Zanzibar tuna Sheria ya Adhabu yetu, Nam. 6 ya 2018. Na jirani atiaye saini ushahidi wa uwongo hushiriki kosa.

Basi twawasihi: andikeni magunia siku mnapoyaingiza ghalani, hifadhini stakabadhi, na siku ya msiba semeni lililo kweli. Mtaka yote hukosa yote.

Katibu