Kigoda cha Kaaleng na mboga za Manet

Asubuhi moja huko Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, mwenyeji wangu alikwenda kufungulia mbuzi akaniacha mlangoni. Mwanga ulipenya baina ya fito ukaangukia sufuria, jerikeni ya manjano ya lita 20 na ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hutembea nacho: mchana kiti, usiku mto. Kivuli cha jerikeni hakikuwa cheusi. Kilikuwa na ubuluu, na ukingoni umanjano wa plastiki ulikuwa umeumwagikia mchanga.

Hilo ndilo walilolishughulikia Waimpreshonisti wa Ufaransa, waliofanya maonyesho yao ya kwanza Paris mwaka 1874. Kabla yao, wakubwa wa sanaa waliziweka picha za vyombo na matunda daraja la chini kabisa; juu zilikaa za vita, wafalme na visa vya dini. Hawa wakageukia mezani. Cézanne alichora matufaha na bakuli la sukari, Caillebotte matunda yaliyopangwa dukani. Walichokifukuzia hasa ni mwanga unavyokigusa kitu, na rangi wakaiacha mabaka mabaka bila kuilainisha.

Manet, rafiki yao, mwaka 1880 alichora fungu la mboga ya asparagasi akataka faranga 800. Mnunuzi, Charles Ephrussi, akalipa 1,000. Manet akachora kijiti kimoja cha mboga ileile akampelekea, na ujumbe kwamba kilipungua katika fungu lake. Muungwana huyo!

Sisi wa madrasa tuliambiwa tusichore chenye roho. Sawa. Lakini sikumbuki kusikia mtu akikataza kawa, birika au kinu, wala sijamwona mtoto wetu akipewa penseli akaambiwa avitazame.

Mwenyeji wangu aliporudi nilimwuliza bei ya kigoda. Alicheka, akakikalia.

Kwetu hatukucheka. Mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu bibi, ubao wake umeng'aa kwa kukaliwa miaka na miaka, tuliiuza kwa hoteli moja shilingi 700, nami nilikuwa mmoja wa waliokubali. Nilipita Ijumaa iliyopita. Wameipaka vanishi hadi kwenye meno, wameitundika ukutani karibu na choo cha wageni, mahali pasipofika jua.