Lualaba Ina Wenyewe

Mfanyabiashara Tippu Tip, aliyeweka makao Kasongo, mashariki mwa Kongo, mnamo 1875, alikuwa na asili ya Oman upande wa baba. Huko Oman maji ya falaji, yaani mfereji wa umwagiliaji, hugawanywa kwa zamu, ambazo kijadi zilipimwa mchana kwa kivuli, usiku kwa nyota, na zamu hiyo hurithiwa, hukodishwa, huuzwa. Shamba lisilo na zamu halina thamani.

Lakini Maniema ya kusini, iliko Kasongo, haikuhitaji mfereji. Waungwana, wafuasi wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, walipoeneza mpunga, waliupanda nchi kavu, mvua ikafanya kazi yote. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyefika Kasongo mwaka 1893 na jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Dhanis, aliandika kwamba alipita ndani ya shamba moja la mpunga kwa saa moja na nusu.

Kuanzia Kasongo hadi Kabambare desturi ya kulima mpunga ni ileile. Kiangazi msitu hukatwa, huachwa ukauke, huchomwa. Mvua zikishika, mbegu hutiwa vishimoni katikati ya visiki vyeusi. Mpunga ukianza kuzaa, watoto huamkia shambani kufukuza ndege, wakipiga kelele mpaka jua lizame. Huvunwa kwa kisu, suke baada ya suke. Udongo ni wa ukoo, na mgeni huuomba kwa wenyewe. Lakini aliyetoa jasho kukata miti, mavuno ni yake. Mvua haigombewi.

Maji yanayogombewa ni ya mto Lualaba, na hayo yana wenyewe, Wagenya. Wao ndio wavuvi, ndio wavushaji. Wanawake wao walipeleka samaki na vyungu soko la Nyangwe, kando ya mto, wakarudi na mihogo ya watu wa bara. Mwaka 1871 mvumbuzi Livingstone alikaa Nyangwe miezi kadhaa akitafuta mtumbwi, asipate. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara Waarabu waliwafyatulia risasi wanawake sokoni. Wengi waliuawa, wengine wakazama mtoni wakikimbia.

Vitabu vingi kuhusu vita vya 1893, kati ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara hao, huhesabu bunduki. Mimi naona mitumbwi ilistahili kutajwa kwanza. Jeshi la Dhanis lilikwama ng'ambo, likiutazama mji wa Nyangwe bila njia ya kuufikia, mpaka Wagenya walipokubali kulivusha. Nyangwe ilichukuliwa mwanzoni mwa Machi. Kasongo ilianguka tarehe 22 Aprili.